Yogati ya dukani haina shida, mtindi wa ukweni unanisumbua: kwa nini?

SWALI: Naishi Majengo, Moshi, nina miaka 34. Nikinywa glasi ya maziwa freshi saa moja asubuhi, ikifika saa nne tumbo linaunguruma, linajaa gesi, na siku nyingine naharisha. Yogati ya dukani hainisumbui. Lakini mtindi wa mama mkwe, Marangu, unanisumbua karibu kama maziwa yenyewe, na nikisema naambiwa nadeka, mtindi ni mtindi. Maharage nayo yananijaza gesi hata nikila na yogati. Nimesikia bakteria wa mtindi wana vimeng'enya vya kukata sukari. Ni kweli? Wanabaki tumboni? Ninunue vile vidonge vya bakteria vya duka la dawa? Na mwanangu wa miaka mitatu anakunywa maziwa bila tatizo, nimwachishe mapema?

JIBU: Dada, hudeki. Mtindi wa Marangu na yogati ya dukani vinafanana kwa macho na kwa uchachu, lakini vimegandishwa na bakteria wa koo mbili, na kila ukoo una namna yake ya kuikata sukari ya maziwa. Vimeng'enya vya ukoo mmoja vinaendelea kukufanyia kazi wewe baada ya kumeza. Vya ukoo wa pili vinamfaa bakteria mwenyewe tu, tena akiwa hai. Mama mkwe naye hajakosea kugandisha.

Tuanze na sukari yenyewe. Inaitwa laktosi, nayo ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi. Ukuta wa utumbo mwembamba unapitisha kila moja ikiwa peke yake; zikiwa zimeshikana hazipiti. Anayezitenganisha ni kimeng'enya cha laktasi, ambacho kila mtoto anayenyonya anacho kwa wingi, na ambacho kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuacha ziwa. Maziwa ya ng'ombe yana laktosi gramu 4.5 hadi 5 katika kila mililita 100, kwa hiyo glasi yako ya mililita 250 ina gramu 12 hivi. Isipokatwa juu inateremka hadi utumbo mpana. Njiani inavuta maji, ndiyo kuharisha. Ikifika, bakteria wa huko wanaichachusha na kutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Safari hiyo inachukua saa kadhaa, ndiyo maana unakunywa saa moja na kusumbuka saa nne.

Kuchemsha hakusaidii hapa. Kunaua vijidudu, lakini laktosi inabaki karibu ileile. Chai ya maziwa inawapita salama watu wengi kwa sababu ya kipimo tu: kikombe cha mililita 250 kilichopikwa nusu maji nusu maziwa kina gramu 6.

Sasa yogati. Yogati halisi hugandishwa na bakteria wawili wapenda joto, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Kwenye utando wa seli zao kuna protini iitwayo LacS, ambayo ni mlango wa kubadilishana: laktosi moja ikiingia, galaktosi moja inatoka. Zingatia kwamba laktosi inaingia nzima, haijaguswa. Ndani inakutana na beta-galaktosidasi, kimeng'enya kinachokata mahali palepale ambapo laktasi yako ingekata. Glukosi inaliwa na bakteria na kugeuzwa asidi ya laktiki, ile inayoleta uchachu na kugandisha. Galaktosi wengi wao hawaitumii, wanaitoa nje kwa mlango uleule. Ndiyo maana ukipima yogati maabara utakuta galaktosi huru ya kutosha, lakini glukosi ni kidogo sana. Galaktosi hiyo haikudhuru, utumbo wako unaipitisha bila kimeng'enya chochote.

Watu wengi hudhani yogati inavumilika kwa sababu bakteria wameshaimaliza sukari. Hawajaimaliza. Wanakula robo hivi, pengine theluthi, kisha asidi waliyoitengeneza wenyewe inawakaba na kazi inasimama. Kikombe cha yogati bado kina laktosi nyingi, na kazi kubwa inafanyika baada ya wewe kumeza.

Tumboni kuna asidi kali, na beta-galaktosidasi ikiwa peke yake nje ingeharibika. Lakini imo ndani ya seli ya bakteria, na yogati yenyewe ni nzito, inapunguza makali ya asidi na kuchelewa kutoka tumboni. Ikishuka kwenye utumbo mwembamba inakutana na nyongo. Nyongo inautoboa utando wa seli. Bakteria anakufa au kubaki hoi, lakini kimeng'enya chake kiko salama na sasa laktosi iliyobaki kwenye yogati inapenya hadi kilipo. Joto ni nyuzi 37, asidi imepungua, hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa kwenye yogati yenyewe. Laktosi inakatwa hapo, karibu na ukuta unaoisubiri. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye laktasi kidogo gramu 18 za laktosi ndani ya yogati, na siku nyingine kiasi hichohicho ndani ya maziwa, wakapima haidrojeni kwenye pumzi, ambayo ikiwa nyingi ni dalili kwamba laktosi imefika utumbo mpana bila kukatwa. Kwa yogati ilitoka theluthi moja hivi ya ile ya maziwa. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali rasmi dai kwamba bakteria hai wa yogati husaidia kukata laktosi, kwa sharti kwamba yogati iwe na bakteria hai hao wawili wasiopungua milioni 100 katika kila gramu.

Mtindi wa mama mkwe ni habari nyingine. Maziwa yanayoachwa yagande kwa joto la chumbani, nyuzi 20 hadi 30, hutawaliwa zaidi na Lactococcus lactis na jamaa zake. Huyu haiingizi laktosi nzima. Inapopita mlangoni inagongwa muhuri, yaani inabandikwa fosfeti, na kimeng'enya kinachongoja ndani, fosfo-beta-galaktosidasi, kinakata laktosi yenye muhuri tu. Nishati ya kugonga muhuri huo inatoka kwa bakteria aliye hai na mwenye afya. Nyongo ikimtoboa, hakuna wa kugonga muhuri tena. Laktosi inapita mbele ya kimeng'enya hicho kama barua isiyo na stempu mbele ya karani, haipokelewi. Kwa hiyo mtindi wa namna hii unakupunguzia sukari ile tu iliyoliwa ndani ya sufuria kabla hujanywa. Ukishameza, msaada wa vimeng'enya unakuwa mdogo sana.

Ongeza na hesabu ya vikombe. Kikopo cha yogati cha dukani huwa gramu 150 hadi 200, na kwa laktosi ya asilimia 4 hivi ni gramu 6 hadi 8, tena zimekuja na vimeng'enya vyake. Ukweni hupewi kikopo. Ukipewa kikombe cha nusu lita, na kwa adabu ukakimaliza, umemeza gramu 20 zisizo na msaada. Watu wengi wenye laktasi kidogo huvumilia gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila dalili au kwa dalili ndogo. Gramu 20 ni wachache. Na Marangu kuna baridi kuliko Moshi mjini. Maziwa yaliyowekwa jioni ya Julai, asubuhi yameanza tu kuwa mazito, bakteria hawajala cha maana. Mtindi wa siku moja penye baridi, kwa upande wa laktosi, unakaribia maziwa freshi.

Maziwa ya kibuyu ya Wamaasai yana bakteria wengine tena. Utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu maziwa hayo upande wa Kenya, ambayo jina lake la Kimaasai ni "kule naoto", ulikuta wanaotawala ni wa jenasi ya Lactobacillus, hasa kundi la Lactobacillus plantarum. Plantarum wengi wana beta-galaktosidasi ya kweli, na maziwa ya kibuyu hukaa siku nyingi kabla ya kunywewa. Mtu anayeshindwa na mtindi wa sufuria akavumilia loshoro ya Arusha si lazima awe anajidanganya, ingawa ndani ya loshoro mahindi nayo yanapunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na hilo peke yake ni nafuu.

Ukitaka mtindi wa nyumbani unaofanya kazi ya yogati, tengeneza kwa joto la yogati. Kwa lita 2 za maziwa freshi: chemsha hadi yachemke, kisha punguza moto yabaki yakitokota dakika 10 huku ukikoroga chini yasiungue. Hata anayeishi juu kuliko wewe, kama Arusha kwenye mita 1,400 hivi ambako maji huchemka karibu nyuzi 95, asijali, kinachohitajika ni nyuzi 85 hadi 90 tu. Hatua hii ina kazi mbili. Inabadilisha protini za maziwa ili mgando ushike vizuri, na inaua vijidudu vya hatari, pamoja na vile vya ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, brusela, ambao upo kwenye mifugo ya kaskazini. Uchachu wa mtindi si kinga ya uhakika dhidi ya brusela. Wanaogandisha maziwa mabichi kwa hoja kwamba asidi inaua kila kitu wanabahatisha.

Acha yapoe hadi nyuzi 43 au 44. Kipimajoto cha jikoni ni bora. Usipokuwa nacho, dondoshea matone ndani ya kiganja cha mkono karibu na kifundo: yawe moto wa wazi lakini uweze kuhesabu hadi kumi bila kuondoa mkono. Chukua yogati hai isiyo na sukari wala ladha, hiyo ndiyo mbegu yako, vijiko vitatu vya chakula kwa kila lita, ikoroge kwanza na kikombe kimoja cha maziwa hayo, kisha rudisha kwenye sufuria na koroga taratibu. Mimina kwenye hotpoti uliyoisuuza kwa maji ya moto, funika, ifunge blanketi, na usiiguse saa 5 hadi 6. Ikishika, iweke kwenye friji.

Mambo yanayoharibu ni machache na karibu kila moja lina dalili yake. Maziwa yaliyozidi nyuzi 50 wakati wa kutia mbegu yanaua au kudumaza bakteria, na baada ya saa sita utakuta maziwa matupu, matamu, hayana harufu. Yakipoa chini ya nyuzi 35 mapema yatashika polepole, lakini sasa wanaoshika ni wale wa joto la chumbani, umerudi Marangu. Hotpoti iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji mwezi wa saba, Arusha, inapoteza joto kwa chini. Weka kitambaa au ubao. Maji ya kijani yakijitenga juu maana yake umechelewa, asidi imezidi. Mapovu na harufu ya hamira ni kuvu au bakteria wa uchafu, na hiyo mwaga. Bakteria wa yogati hawatoi gesi ya kuinua mgando.

Maziwa yakikataa kuganda kabisa ilhali joto lilikuwa sahihi na mbegu ni nzima, muulize aliyekuuzia kama ng'ombe alichomwa sindano ya kiwele hivi karibuni. Streptococcus thermophilus anaathirika vibaya na penisilini, hata mabaki madogo sana ndani ya maziwa yanamzima. Kipindi cha kusubiri kimeandikwa kwenye lebo ya dawa na mfugaji anapaswa kukiheshimu. Sufuria yako inaweza kukuonyesha kwamba hakukiheshimu.

Sukari ya mezani tia baada ya kuganda, wakati wa kula. Ukijaza sukari mwanzoni unafyonza maji kwenye seli za bakteria na wanachelewa. Na jihadhari na maziwa ya unga ya kuongezea uzito. Unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta ni laktosi kwa nusu yake hivi. Gramu 40 kwa lita zinaongeza gramu 20 za laktosi, yaani umepandisha sukari ileile unayoikimbia. Kama unataka mtindi mzito, chuja kwa kitambaa safi. Maji yanayotoka yanaondoka na laktosi.

Mbegu usiizungushe milele. Jikoni kwetu joto halitulii, na kila mzunguko unaopoa haraka unawapa nafasi wale wa chumbani. Baada ya mizunguko minne au mitano nunua kikopo kipya. Hata watengenezaji wa mtindi wa kawaida wana tatizo lao hapa: mfumo wa muhuri wa Lactococcus mara nyingi umeandikwa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA kilicho pembeni ya DNA kuu, na seli zikigawanyika mara nyingi, baadhi hukipoteza. Mbegu ya zamani inayochukua siku mbili kugandisha inaweza kuwa imefikia hapo, au imeingiliwa na virusi vya bakteria.

Yogati ya dukani nayo si zote zilizo hai. Nyingine huchemshwa baada ya kugandishwa ili zidumu. Inayouzwa kwenye shelfu ya kawaida, nje ya friji, kwa miezi, ihesabu kuwa imekufa. Kipimo cha nyumbani ni kuitumia kama mbegu kwa njia niliyoeleza. Ikishindwa kugandisha kwa saa 8, vimeng'enya vyake usivitegemee. Kwa sababu hiyohiyo, yogati au mtindi uliotiwa kwenye chakula kinachochemka unabaki kuwa chakula kizuri lakini kimeng'enya chake kimekufa. Tia baada ya kuepua, chakula kikiwa cha uvuguvugu.

Umeuliza kama bakteria hawa wanabaki tumboni. Wa yogati hapana. Wanapita, na ukiacha kula, baada ya siku chache hawapo. Hilo si kasoro, kwa kuwa kazi yao kwako inafanyika njiani na kikombe kwa kikombe: yogati ya jana haikusaidii na maziwa ya leo. Hata wale Lactobacillus waliozoea utumbo wa binadamu ni wachache katika utumbo mpana, chini ya asilimia moja ya bakteria wote. Wanaofanya kazi kubwa zaidi huko ni Bifidobacterium. Kwa nasaba hawa si wa ukoo wa bakteria wa asidi ya laktiki, ingawa nao wanatoa asidi hiyo pamoja na asidi asetiki, na wana beta-galaktosidasi kadhaa. Wao, pamoja na bakteria wa asidi ya laktiki, hawatoi haidrojeni. Laktosi ikiangukia kwao badala ya kwa majirani, gesi inapungua.

Na hapo ndipo kuna jambo ambalo watu hulikosa wanapoyakimbia maziwa moja kwa moja. Bakteria hao huongezeka wakilishwa. Ukianza na mililita 100 za maziwa asubuhi na jioni, pamoja na chakula, si tumbo tupu, ukaongeza mililita 50 kila baada ya siku nne, ndani ya wiki mbili au tatu watu wengi hupata nafuu ya kweli ingawa laktasi yao haijaongezeka hata chembe. Ukiacha, nafuu nayo inaondoka. Kwa glasi yako ya saa moja asubuhi, badiliko la kwanza ningelifanya ni hilo: igawe, na inywe pamoja na ndizi au mkate.

Vidonge. Soma jina la bakteria kabla ya kutoa hela. Neno Lactobacillus kwenye boksi halimaanishi kwamba anakata laktosi. Lactobacillus rhamnosus GG, mmoja wa wanaouzwa sana duniani, hachachushi laktosi kabisa, kwa sababu jeni zake za kazi hiyo zina hitilafu. Anaweza kuwa na faida nyingine, ila si hii unayoitafuta. Halafu idadi: kidonge huwa na bakteria bilioni 1 hadi 10. Gramu 200 za yogati yenye milioni 100 kwa gramu ni bilioni 20, tena wakiwa wamejaa kimeng'enya kwa sababu wametoka kula laktosi. Kwa bei, yogati inashinda. Kitu tofauti ni vidonge vya laktasi yenyewe, ambayo hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus. Hivyo hufanya kazi ukivimeza pamoja na maziwa, si saa moja baadaye, na kipimo kinachokubalika Ulaya ni yuniti 4,500 za FCC (kipimo cha nguvu ya kimeng'enya) kwa mlo. Vinafaa kwa safari na sherehe.

Maharage yana kufuli lingine. Sukari zinazokujaza gesi humo ni rafinosi na stakiosi, na ndani yake mna galaktosi ileile, lakini imeunganishwa kwa upande wa alfa, si beta. Kimeng'enya hutazama kiungo, hakitazami sukari. Laktasi yako, hata ungekuwa nayo ya kutosha, na beta-galaktosidasi ya yogati, zote zinapita hapo bila kugusa. Kinachotakiwa ni alfa-galaktosidasi, ambayo utumbo mwembamba wa binadamu yeyote hauitengenezi. Kwa maharage, basi, wewe huna upungufu wowote, uko kama jirani zako. Wapo bakteria wa asidi ya laktiki walio nayo, kama Lactobacillus plantarum na Lactobacillus fermentum, ambao hupatikana pia kwenye togwa. Lakini kunywa togwa ili ikate sukari ya maharage ndani ya tumbo ni matumaini zaidi kuliko mbinu.

Mbinu iko kwenye sufuria. Sukari hizi zinayeyuka kwenye maji. Loweka kilo moja ya maharage kwa lita 3 za maji saa 12, mwaga maji yote, suuza, kisha pika kwa maji mapya. Anayepikia maji ya kulowekea ili asipoteze ladha amezirudisha zote. Ukitaka zaidi, yaoteshe: baada ya kuloweka, yachuje, yatandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, yasuuze asubuhi na jioni, na baada ya saa 24 hadi 36, kikionekana kimkia kidogo cheupe, pika. Mbegu inayoota inatumia alfa-galaktosidasi yake yenyewe kula akiba hiyo ya sukari, inakufanyia kazi bure. Yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 mwanzoni, kisha yaive kabisa, maana maharage mabichi yana sumu ya lektini. Magadi yanalainisha ganda na kuokoa kuni, lakini hayana kimeng'enya, na yakizidi yanaharibu vitamini B1.

Kabla ya kujiamulia kwamba ni laktosi, jipime siku tatu tofauti, asubuhi, tumbo tupu, bila maziwa mengine siku hiyo. Siku ya kwanza mililita 250 za maziwa. Ya pili yogati hai gramu 250. Ya tatu yogati ileile, lakini iliyochemshwa ikatokota dakika 5 na kupozwa. Itakatika mabonge, inywe hivyohivyo. Kila siku, kwa muda wa saa nne baada ya kunywa, andika dalili na wakati zilipotokea. Ukisumbuka na ya kwanza, ukapona na ya pili, na ya tatu ikakurudishia gesi, umeona kwa tumbo lako mwenyewe tofauti kati ya kimeng'enya kizima na kilichokufa. Hospitali zenye kifaa hupima haidrojeni kwenye pumzi baada ya kukunywesha gramu 25 au 50 za laktosi, na ikipanda kwa chembe 20 katika milioni kutoka ulipoanzia, jibu ni ndiyo.

Nenda hospitali bila kusubiri vipimo vya jikoni kama kuna damu kwenye choo, homa, kupungua uzito, au kuharisha kunakokuamsha usiku. Na kama tatizo lilianza ghafla baada ya kuugua tumbo, mwambie daktari: vimelea vya seli moja kama jiadia na maambukizi mengine huchubua ukuta wa utumbo na kuondoa laktasi kwa muda, na ukuta ukipona, laktasi hurudi baada ya wiki kadhaa.

Mwanao usimwachishe. Katika miaka mitatu laktasi ya watoto wengi bado ipo, na huenda yake isipungue kabisa. Utafiti uliochapishwa 2007 uliohusisha Watanzania, Wakenya na Wasudani ulionyesha kwamba Afrika Mashariki kuna badiliko la jeni, linaloitwa C-14010, linaloiacha laktasi ikiendelea kufanya kazi hadi utu uzima, nalo si lile la Wazungu. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Kama baba yake anamaliza nusu lita ya mama yake kule Marangu na kuomba nyingine, huenda mtoto ameirithi huko.